Mila za Wazee na Dini ya Mwenyezi Mungu

 

Somo letu la safari hii lina sababu, na sababu yenyewe si nzuri kwetu sisi tunaoliandika. Lakini mwenye kukosea katika jawabu la dini hana budi kulisahihisha mbele ya wale wale waliomsikia, wala haya isimzuie.

Katika darasa letu la baada ya Magharibi hapa Shauri Moyo, Nairobi, huhudhuria kijana mmoja Mkamba, seremala wa Gikomba, aliyesilimu miaka michache iliyopita. Usiku mmoja alitujia na khabari kwamba baba yake amefariki huko kwao Ukambani. Mzee yule hakuwa Mwislamu wala Mkristo. Alishika mila za wazee wake mpaka kufa kwake. Kijana akatuuliza: "Masheikh, niende au nisiende? Watu wa kwetu watachinja mbuzi, na pombe watamwaga chini kuwapa wafu, na mimi ndiye mtoto wa kwanza." Mmoja wetu alimjibu kwa haraka, kabla hajamaliza kusema, kuwa hapana udugu baina ya Mwislamu na kafiri, na kwamba akienda ameshiriki. Sisi wengine tulinyamaza. Na kunyamaza kwa mwenye ilimu pahali pa kusema ni kauli vile vile. Kijana hakwenda. Baba yake alizikwa na watoto wa ndugu zake. Tangu siku hiyo mama yake hapokei salamu zake, na huko kijijini yasemwa kwamba Uislamu ni dini ya kukimbia maiti.

Neno hili limetuchoma, kwa sababu sisi ndio tuliolitia katika vinywa vyao. Basi twataka kulitazama jambo zima tangu mizizi yake: hizi mila za jadi ni nini, mji umezifanya nini, na Mwislamu aliyetoka ndani yake alazimika kuacha lipi na kushika lipi. Na wasomaji wetu wa Mombasa, Malindi, Lamu na Tanga wasiseme kwamba haya ni mambo ya watu wa bara. Wakivumilia kidogo wataona yanavyowahusu.

Kwanza tuujue mji wenyewe. Nairobi ilianza mwaka 1899 kuwa kambi ya reli, na Waislamu walikuwamo tangu mwanzo: wapagazi, askari, Wanubi, Wamanyema, Waswahili wa pwani. Wakajenga vijiji vyao, kama Pangani, Maskini, Kaburini, na kimoja walichokiita Mombasa. Serikali ya Kiingereza ilipoanza kuwakusanya Waafrika katika Pumwani mnamo mwaka 1921 na 1922, vijiji hivyo vilivunjwa kimoja kimoja. Pangani ndiyo iliyobaki mpaka ikamalizwa mwaka 1939, na watu wake wakaletwa hapa Shauri Moyo, katika nyumba zilizojengwa na Manispaa. Watu walikuwa na nyumba zao wenyewe, wakajiona wamo katika nyumba za Manispaa. Na jina la mtaa lenyewe lasema walivyojiona.

Sasa, katika vijiji vile Mkikuyu au Mkamba au Mganda aliyekuja peke yake, naye huenda alikuwa mwanamke aliyekimbia ndoa au njaa, alikuta dini iliyompa jina, na jirani, na watu wa kumwosha na kumsalia siku ya kufa. Wengi walisilimu, na kusilimu kulikuwa ndiko kuwa mtu wa mji: kanzu au buibui, lugha ya Kiswahili, na kaburi lililoelekea Kibla. Wako wanawake waliojenga nyumba Pangani na Pumwani kwa jasho lao, kisha wakahakikisha kwamba wakifa nyumba hizo haziendi kwa wanaume wa ukoo waliouacha. Hatuwalaumu. Aliyefukuzwa kwao haambiwi arudi akasalimie.

Lakini jambo lililokuwa dharura ya watu wale liligeuka likawa kama hukumu ya sharia. Ikaingia katika vichwa vya watu kwamba Mwislamu wa bara hana kijiji, hana shangazi, hana kaburi la babu. Kwamba siku aliyotamka shahada alizaliwa yatima. Na jawabu tulilompa seremala wetu lilitoka katika fikira hiyo, halikutoka katika kitabu chochote tulichosoma kwa masheikh wetu.

Tuje kwenye mila zenyewe. Watu wengi wa pwani hudhani kwamba watu wa bara walikuwa wakiabudu miti na mawe. Hivyo sivyo, na mwenye kumkosoa mtu juu ya asilolisema hupoteza maneno yake. Wakikuyu walimwomba Ngai, Muumba mmoja, wakielekea Kirinyaga, yaani Mlima Kenya, na walichinja chini ya mti wa mugumo. Lakini mugumo ulikuwa pahali pa kuombea, haukuwa ndio unaoombwa. Wakamba walikuwa na ithembo, pahali pao pa matambiko, na walizitaja roho za wafu wao, ambazo huziita aimu. Jirani zetu Wamijikenda wamjua Mulungu, nao wana koma zao na makaya yao ya msituni. Wote hawa walijua kwamba mbingu na ardhi zina Mwenyewe mmoja. Kosa lao lilikuwa katika kuweka wafu baina yao na Yeye, wakiwapelekea chakula, na pombe, na damu, wakitaraji mvua na uzazi kwao na kuogopa hasira zao.

Na hilo hasa ndilo lililokuwa kosa la Makureshi. Mwenyezi Mungu ametueleza katika Suratu Luqman kuwa wakiulizwa nani aliyeumba mbingu na ardhi watasema ni Yeye. Na katika Suratuz Zumar kuwa wale wasaidizi wao wakiwaabudu, kwa madai yao, ili wawakurubishe kwake tu. Basi Mtume (S.A.W.) hakupelekwa kwa watu wasiomjua Mungu, alipelekwa kwa watu waliomjua kisha wakaomba wengine. Hii yamfaa sana mwenye kulingania hapa Nairobi: mzee wa Kikamba hana haja ya kufundishwa kwamba Mungu yuko. Ana haja ya kuambiwa kwamba Mungu yu karibu, wala hapana haja ya kupitia kwa babu.

Tena mila hizi hazikuwa dini peke yake kama watu wa leo waijuavyo dini, jambo la Ijumaa au la Jumapili. Marehemu John Mbiti, Mkamba na kasisi wa Kianglikana, katika kitabu chake maarufu cha mwaka 1969 juu ya dini za Waafrika, alieleza kwamba dini ilikuwa imeingia katika kila kitu cha maisha, hata usiweze kuonyesha inapokomea dini na inapoanzia shamba. Alichukua na maneno mawili ya Kiswahili, sasa na zamani, akajengea juu yake maelezo yake ya wakati: kwamba mtu akifa huwa bado yumo katika sasa maadamu wako walio hai wanaomkumbuka kwa jina lake, kwa vizazi vinne au vitano hivi, akifa wa mwisho mwenye kumkumbuka, yule maiti huzama katika zamani. Wako waliompinga Mbiti katika maneno haya, lakini sisi twayaona yana faida kubwa kwa anayetaka kuelewa lililotokea katika mitaa yetu hii.

Kwani fikirini. Mzimu ni wa pahali: wa mti fulani, kilima fulani, boma fulani. Wahitaji mzee wa kuutaja, na mjukuu wa kusikiliza. Mtoto aliyezaliwa Shauri Moyo au Kaloleni, asomaye skuli Nairobi, na kwao aenda mara moja kwa mwaka akienda, hamjui babu wa baba yake kwa jina. Wala hakuacha kumtambikia kwa sababu alihubiriwa akakinai. Alisahau tu. Katika hesabu ya watu wa Kenya ya mwaka 2019, waliosema kwamba wao ni watu wa dini za jadi walikuwa laki tatu na elfu kumi na nane hivi, katika watu zaidi ya milioni arubaini na saba. Mwenye kuitazama hesabu hiyo atasema kwamba jambo limekwisha, na Waislamu na Wakristo wamegawana nchi.

Hasha. Lililokwisha ni lile lililokuwa na kheri kidogo ndani yake, na lililobaki ni baya zaidi. Wamekwisha wazee wa ithembo, ambao walikuwa wakitoka kuomba mvua kwa ajili ya watu wote, wa karibu na wa mbali. Imekwisha haya ya mtu mbele ya rika lake. Umekwisha wajibu wa kumlisha mjane wa ndugu. Hofu ndiyo iliyobaki, na hofu isiyo na mwenyewe hupata mfanya biashara. Nenda tangu Jogoo Road mpaka Gikomba uzisome nguzo za stima: mganga wa kurudisha mpenzi, wa kushinda kesi, wa kukamata mwizi, wa kusafisha nyota, na nambari ya simu chini yake. Mzee wa ithembo hakubandika tangazo. Alikuwa amepotea, ndio, lakini alipotea pamoja na watu wake na akala walichokula. Huyu wa nguzoni amepotea na ni mwizi.

Na sasa, ndugu zetu wa pwani, yasomeni yale matangazo kwa makini. Huyo mganga asema ametoka wapi? Ametoka Tanga, au Pemba, au Mombasa. Amejiita nani? Sheikh, au Maalim, au Shariff. Ukimwendea utamkuta amevaa kanzu na kofia ya kiua, ana chetezo cha ubani mbele yake, na aya ameziandika kwa zafarani akaziosha katika sahani. Na baadaye ataagiza kuku mweusi. Watu wa bara hudhani huo ndio Uislamu. Mkamba huogopa majini ya Mswahili, na Mswahili huogopa dawa ya Mkamba, na kila mmoja amwona mwenziwe ndiye mshirikina. Sisi tumekaa na wote wawili na hatukuona la kuchagua.

Tusijidanganye. Kijana wetu aliambiwa asiende kuzika kwa sababu ya pombe itakayomwagwa kaburini. Vyema. Ni nani katika sisi hajapata kuona chano cha pepo kinavyopangwa, kwa tambuu na halua na yai na marashi? Nani hajui pango au mbuyu wa mzimu ulio karibu na mji wake, wenye vitambaa vyekundu na vyeupe, na wanawake wanaokwenda kutia ubani na kuweka nadhiri, kisha wakarudi nyumbani wakasali Laasiri? Huko Makunduchi katika Unguja, kila mwaka, Julai, siku ya Mwaka Kogwa huchomwa kibanda cha makuti ili mwaka mpya uingie salama. Leo watalii huletwa kutazama, na serikali imefurahi. Sheikh Al-Amin bin Ali Mazrui, Mwenyezi Mungu amrehemu, tangu mwaka 1930 katika "Sahifa" yake na baadaye katika "Al-Islah" alikuwa akiwapigia kelele watu wa Mombasa juu ya khurafati. Alifariki mwaka 1947. Huu ni muda mrefu wa kuambiwa jambo moja.

Yako tena mawili ya pwani ambayo hatuwezi kuyapita. La kwanza ni la vigango, zile nguzo za mti zilizochongwa ambazo Wagiriama huwasimamishia wazee wao waliokufa. Sisi hatuviamini vigango, na Mwislamu hasimamishi kigango. Lakini viliibwa kwa mamia vikauzwa Ulaya na Marekani kuwa mapambo ya ukutani, na vichache tu ndivyo vilivyorudishwa. Viwili mwaka 2007. Tumesikia Mwislamu akisema kwamba si vibaya, kwani ni masanamu. Huyo hajui dini yake. Mali ya mtu ni mali ya mtu, na Mwenyezi Mungu ametukataza katika Suratul An-am hata kuwatukana wale wanaoombwa badala yake, sembuse kung'oa na kuuza!

La pili ni zito zaidi. Katika Kilifi wazee wenye mvi wameuawa, wengine na watoto wao wenyewe, kwa kusingiziwa uchawi. Na anayechunguza mara nyingi hukuta nyuma ya uchawi kuna shamba ambalo kijana ataka kuliuza. Serikali ina sheria ya uchawi tangu mwaka 1925, lakini hiyo haikumzuia mwenye panga. Hapo ndipo utakapoona mageuzi ya dunia yalivyofanya. Katika mila za kale mvi zilikuwa ulinzi: mzee alikuwa karibu na wafu, na kumgusa ni kujitafutia laana. Leo mvi zimekuwa ushahidi wa mashtaka. Ile heshima imekwenda, na ile hofu ya uchawi imebaki, imepata na bei ya ardhi juu yake.

Tukiisha kuyaona haya, turudi kwa seremala wetu. Ilikuwa imempasa nini?

Ilimpasa aende. Dalili zake si za kutafutwa mbali. Katika Suratu Luqman, aya ya 15, Mwenyezi Mungu ameamrisha kwamba wazazi wakimshikilia mtu amshirikishe asiwatii. Kisha, katika aya hiyo hiyo, ameamrisha akae nao duniani kwa wema. Watu wengi hushika nusu ya kwanza. Bibi Asmaa binti Abi Bakr alijiwa na mama yake, naye ni mshirikina bado, alipomwuliza Mtume (S.A.W.) kama amuunge, alimwambia amuunge, hadithi hii imo katika Bukhari na Muslim. Na lililo karibu zaidi na swala letu ni khabari ya Sayyidna Ali. Abu Talib alipokufa hali hakusilimu, Ali alikwenda kumpa Mtume khabari, na Mtume akamwamrisha aende akamzike baba yake. Imepokewa katika Sunan za Abu Daud na Nasai. Na Imamu Nawawi katika Minhaji, kitabu ambacho kila mwanafunzi wa madhehebu yetu ya Shafi hukisoma, amesema hapana ubaya Mwislamu kulifuata jeneza la jamaa yake asiye Mwislamu. Sisi tulikisoma kitabu hiki mbele ya masheikh wetu, tukakirudia, na usiku ule hakuna aliyekikumbuka.

Hamsalii sala ya jeneza, wala hamwombei maghufira. Hili limekatazwa, na huzuni yake twaijua. Lakini kuchimba kaburi aweza. Kuchukua maiti aweza. Kutoa mchango wa matanga, kununua unga na sukari, kupokea wageni, kumshika mkono mama yake, kusema kweli juu ya wema wa marehemu, yote haya ni kuunga udugu, nako kuunga udugu kumeamrishwa.

Pombe ikimwagwa na wafu wakiitwa, aondoke pale kwa upole, akasimame kando mpaka wamalize. Asifanye khutuba juu ya kaburi la baba yake. Asinyoe kichwa kwa ajili ya msiba, kwani Mtume (S.A.W.) amejitenga na mwenye kupiga ukelele, na kunyoa, na kurarua nguo katika msiba. Nyama iliyochinjwa kwa ajili ya aimu asile, wala asichinje mnyama huyo, kwani amelaaniwa mwenye kuchinja kwa ajili ya asiyekuwa Mwenyezi Mungu. Lakini mbuzi wa kuwalisha waliokuja kuhani ni jambo jingine. Huyo aweza kumchinja mwenyewe kwa Bismillahi, na sisi tumeona katika nyumba nyingi za bara, za Wakristo na za wasio na dini hizi mbili, Mwislamu ndiye aitwaye kushika kisu ili wote wapate kula. Wao wametuelewa katika jambo hili kuliko tulivyowaelewa sisi.

Kanuni inayokusanya haya ni kwamba ada za watu zina hukumu yake katika sharia, nazo huachwa kama zilivyo isipokuwa pale zinapoligusa haki ya Mwenyezi Mungu au haki ya mja. Wala Mtume wetu hakuzing'oa ada za Waarabu zote. Katika ujahili mtoto alipozaliwa walikuwa wakichinja mbuzi na kumpaka mtoto damu yake kichwani. Uislamu ulipokuja ulibakisha mbuzi, ukabakisha kunyoa, na pahali pa damu ukaweka zafarani. Basi hiyo ndiyo akika yetu. Kwa upande wa pili, walipokuwa njiani kwenda Hunayn, na baadhi yao ni wapya katika Uislamu, waliwaona washirikina wana mti wanaotundika silaha zao kwa kutaka baraka, wakamwomba Mtume awawekee na wao mti kama huo. Aliwakatalia kabisa, akawafananisha na watu wa Nabii Musa walipotaka wafanyiwe mungu. Mbuzi akabaki, mti ukakataliwa. Mwenye kuelewa kwa nini, ameelewa somo letu lote. Naye atajua pa kuuweka mugumo, na pa kuuweka mbuyu wa pwani.

Hebu tutazame jambo la majina, kwani ugomvi wake ni mwingi. Mkikuyu humwita mtoto wake wa kwanza mwanamume kwa jina la baba yake. Akisilimu, hukuta watu wa msikitini wamemngojea na majina ya Kiarabu, na kuambiwa kwamba Kamau hawezi kuingia peponi. Umar lilikuwa jina la Umar kabla hajasilimu, na Hamza, na Uthman, na Khadija, Mtume hakuwabadilisha. Aliyabadilisha majina yenye maana mbaya, na yale ya kumfanya mtu mtumwa wa sanamu. Basi atakaye jina la Abdallah kwa kupenda, na apewe kwa furaha. Asiyetaka asilazimishwe, na mtoto na aitwe kwa jina la babu yake, bora tu isiitakidiwe kwamba babu amerudi ndani ya mtoto. Mara ngapi tumeona kwamba jina lilibadilishwa siku moja, na sala haikufundishwa mwaka mzima!

Liko swala la upande wa pili: Mwislamu mwenyewe akifa, na jamaa zake wa kijijini wakija na gari kuichukua maiti. Hapa mitaani limetokea, na watu wameshikana mbele ya nyumba ya maiti. Mtakumbuka kesi ya wakili S. M. Otieno wa hapa Nairobi, ambaye hakuwa Mwislamu. Alikufa Desemba 1986; mjane wake, Bi Wambui, alitaka kumzika karibu na Nairobi, na ukoo wake wa Kijaluo ukataka azikwe Nyalgunga, kwao. Mjane alisema kwamba mumewe alikwisha kujieleza wapi ataka kuzikwa. Mahakama ya Rufani iliwapa ukoo, na akazikwa Mei 1987, baada ya miezi mitano ya kulala bila kaburi. Mtu aliyesoma, aishiye mjini, mwenye kujua sheria kuliko wengi, na maiti yake ikahukumiwa kwa mila.

Sisi tumejifunza kwa kesi hiyo kwamba karatasi haitoshi. Mwislamu mwenye jamaa wasiokuwa Waislamu na aandike wasia wake, ndio, na awashuhudishe watu. Lakini zaidi ya hayo na aende kwao angali mzima, akae na baba zake wadogo, awaeleze kwa mdomo wake kwamba Mwislamu huoshwa, hukafiniwa, husaliwa na huzikwa haraka, na kwamba wao watakaribishwa kusimama kaburini. Aliyekuja kuwazika wafu wao, watamsikiliza. Asiyekuja, watamkumbuka siku hiyo. Na ikiwa ana shamba lake mwenyewe huko na Waislamu wa kumshughulikia wapo, azikwe katika shamba lake; kuzikwa katika makaburi ya Waislamu ni bora, lakini si jambo la kukatiana udugu.

Yote haya tulimweleza kijana wetu darasani, mbele ya wale wale waliokuwapo usiku ule, tukamtaka radhi. Alinyamaza kitambo, kisha akauliza kama mtu aweza kwenda baada ya maziko, miezi imekwisha kupita. Tulimwambia aende.

Amekwisha kwenda. Nauli ilitolewa na yule yule aliyemjibu kwa haraka. Siku ya kwanza mama yake hakutoka nje. Kijana alilifyeka kaburi la baba yake majani, akalala kwa ami yake. Siku ya pili ami yake alileta mbuzi uani, akaomba kisu, akampa.